Saundi kadi ya kubeba kwa prodyuza wa laptopu: mwongozo kamili wa kuchagua

Boksi la saundi kadi, kile kifaa cha nje kinachoingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, huwa na namba zilizoandikwa kwa herufi kubwa: 192 kHz, biti 24, USB-C. Siku hizi karibu kila kifaa kina namba hizo au zinazokaribiana nazo, kwa hiyo hazikusaidii sana kuchagua. Kinachoamua kama utaipenda saundi kadi yako au utachoka nayo ndani ya mwezi ni mambo mawili ambayo boksi huyataja kwa herufi ndogo au haliyataji kabisa: nguvu ya priampu (saketi inayokuza sauti ya maiki) ikilinganishwa na maiki uliyo nayo, na ubora wa draiva (programu inayounganisha kifaa na kompyuta) kwenye mfumo wa kompyuta yako. Mwongozo huu unayapa mambo hayo mawili nafasi kubwa, na mengine unayapitia kwa kadiri yanavyostahili.

Kabla ya kununua: je, unaihitaji?

Kama muziki wako wote unatoka ndani ya programu, yaani midundo, sampuli na sinthi za plagini, na humrekodi mtu wala ala, huenda tundu la hedifoni la laptopu linakutosha kwa sasa. Kwenye Mac hilo linawezekana kabisa, kwa sababu mfumo wa Core Audio huwahisha sauti hata bila kifaa cha nje. Kwenye Windows, sauti ya ndani mara nyingi huchelewa kiasi cha kukera ukipiga kibodi ya MIDI, ile inayotuma noti kwenye programu badala ya sauti, na hapo saundi kadi inakufaa hata kama hujawahi kushika maiki.

Wapo wanaoona maiki ya USB itawamalizia kazi. Kwa podikasti ya mtu mmoja, sawa. Kwa muziki, tatizo linajitokeza kwenye Windows, ambako programu inayotumia ASIO (njia ya haraka ya sauti, tutaifikia Hatua ya 3) kwa kawaida hukubali kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukichagua maiki, spika zilizochomekwa kwingine zinanyamaza. Saundi kadi moja inayobeba maiki, hedifoni na spika kwa pamoja inaondoa usumbufu huo.

Hatua ya 1: Hesabu vitu unavyorekodi kwa pamoja

Swali ni vingapi vinaingia kwa wakati mmoja, wala si vingapi vitakuwemo kwenye wimbo. Ukiimba mwenyewe, kisha ukapiga gitaa, kisha ukarudia sauti za pili, unahitaji njia moja tu ya kuingizia sauti hata wimbo ukifika nyimbo ndogo (track) 40 kwenye programu. Anayeimba huku akipiga gitaa anahitaji mbili. Kibodi inayotoa sauti ya stereo nayo inakula mbili peke yake.

Kwa watu wengi njia mbili ndizo sahihi. Ngoma za jukwaani zinazotaka maiki nne au nane ni kazi nyingine, na kifaa chake mara nyingi hakiingii kwenye mfuko wa laptopu. Njia ya katikati ipo: vifaa vidogo kama Audient iD14 vina tundu la nuru la ADAT linalokubali hadi njia nane za ziada kutoka kwenye priampu nyingine, kwa 44.1 au 48 kHz. Unatembea na kidogo, na siku ya bendi unaunganisha kikubwa.

Usisahau upande wa kutokea. Anayetumbuiza na midundo ya laptopu atahitaji matokeo manne: mawili yaende kwa fundi mitambo, mawili yabaki kwa mpiga ngoma akisikia mpigo wa kuhesabia ambao hadhira haipaswi kuusikia. MOTU M4 na SSL 2+ zina matokeo manne. Saundi kadi yenye mawili haiwezi kufanya kazi hiyo vizuri kwa ujanja wowote.

Tundu la MIDI la duara lenye pini tano linahitajika tu kama una sinthi au mashine ya ngoma isiyo na USB.

Hatua ya 2: Anza na maiki yako

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Maiki huzalisha umeme mdogo mno, na priampu ndiyo inayounyanyua. Kiasi cha kunyanyua huitwa geini na hupimwa kwa desibeli. Maiki ya kondensa inahitaji geini ndogo kwa sababu ina saketi yake ndani ya kukuza sauti. Inachotaka ni umeme wa fantomu wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Maiki ya dainamiki haihitaji umeme huo, lakini inataka geini kubwa.

Chukua Shure SM7B, ambayo waimbaji na watangazaji wengi wanaitamani. Inataka geini ya takriban desibeli 60 kwa mtu anayeongea au kuimba kwa sauti ya kawaida. Sasa tazama familia moja ya vifaa: Focusrite Scarlett Solo ya kizazi cha nne inatoa desibeli 57, ilhali ndugu yake 2i2 wa kizazi hichohicho anatoa 69. Kwa macho zinafanana. Ukiwa na SM7B, ya kwanza utaifungua hadi mwisho na bado sauti itakuja chini, kisha utainyanyua ndani ya programu pamoja na mvumo wote uliokuwa chini yake. Ya pili itakuachia akiba. Kwa kondensa, tofauti hiyo huenda usiione maisha yako yote.

Kwa hiyo fanya hivi: andika jina la maiki yako, tafuta kwenye karatasi ya mtengenezaji wake unyeti wake au geini anayopendekeza, kisha linganisha na geini ya juu ya saundi kadi unayoitazama. Kwa maiki za dainamiki zenye sauti hafifu, mimi nisingeshuka chini ya desibeli 60. Kama saundi kadi unayo tayari na haifiki, kuna vikuza sauti vidogo vinavyokaa kati ya maiki na kifaa, mfano Cloudlifter CL-1, vinavyotumia umeme wa fantomu kuongeza desibeli 25 hivi. Ni suluhisho zuri, ila kwa anayenunua upya, kifaa chenye geini ya kutosha kinampunguzia waya mmoja wa kubeba.

Namba nyingine ya kutafuta ni kelele ya priampu yenyewe, ambayo kwenye karatasi za vipimo huandikwa EIN. Huwa ni hasi, na kadiri inavyozidi kuwa hasi ndivyo mvumo unavyopungua. Kifaa chenye EIN ya karibu -128 dBu ni kitulivu. Tofauti ya desibeli moja kati ya vifaa viwili isikunyime usingizi.

Kwa gitaa la umeme au besi, hakikisha kuna kitufe cha INST au Hi-Z. Pikapu za gitaa zinataka ukinzani mkubwa mbele yake, kwa kawaida omu milioni moja. Ukichomeka gitaa kwenye njia ya kawaida ya laini, linapoteza makali ya juu na kusikika kana kwamba limefunikwa blanketi.

Hatua ya 3: Chunguza draiva kuliko kifaa

Unapoimba, sauti inaingia kwenye saundi kadi, inasubiri kwenye bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa), inapita kwenye programu na plagini zake, inasubiri tena kwenye bafa ya kutokea, ndipo inafika masikioni. Kwa 48 kHz, yaani vipimo (sampuli) 48,000 vya sauti kwa sekunde, bafa ya sampuli 64 ni milisekunde 1.3, ya 128 ni 2.7, ya 256 ni 5.3, ya 512 ni 10.7. Zidisha mara mbili kwa kwenda na kurudi, kisha ongeza muda wa vigeuzi (saketi zinazogeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti) na akiba ambayo draiva nyingi hujiwekea. Akiba hiyo ndiyo inayofanya vifaa viwili vilivyowekwa bafa ileile vichelewe tofauti.

Je, kuchelewa kiasi gani ni kingi? Sauti hewani husafiri karibu sentimeta 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita 3.4 kutoka kwenye spika. Mpiga gitaa huvumilia hilo bila shida. Mwimbaji mwenye hedifoni hana bahati hiyo: sauti yake inamfikia pia kupitia mifupa ya kichwa bila kuchelewa, na ile ya hedifoni ikija nyuma kidogo tu zinagongana. Hapo anasikia sauti yake nyembamba, kama anaimbia ndani ya bomba, na anaanza kulaumu maiki.

Kwenye Windows, unachotafuta ni draiva ya ASIO iliyoandikwa na mtengenezaji mwenyewe. ASIO ni mfumo wa Steinberg wa mwaka 1997, na mpaka leo ndio njia ya uhakika ya kurekodi kwenye Windows bila kuchelewa. Kifaa kinachokuelekeza utumie ASIO4ALL, draiva ya jumla, hakina draiva yake. Kitafanya kazi, lakini usitarajie utulivu uleule. Windows 10 tangu 2017 inatambua yenyewe vifaa vya USB vya daraja la pili, jambo linaloleta sauti lakini haliletei programu yako ASIO. Kwenye Mac mambo ni mepesi, kwa kuwa Core Audio hubeba vifaa vingi bila kusakinisha chochote. Kwenye Linux, na pia kwenye iPad, tafuta kifaa kinachofuata viwango vya USB bila kudai draiva ya pekee.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa kupakulia draiva wa mtengenezaji na usome tarehe. Draiva ya mwisho ilitoka lini? Toleo lako la mfumo limetajwa? Vifaa vya miaka kumi nyuma vinaendelea kupata masasisho, au vimeachwa? RME wamejijengea jina kubwa hasa kwa hili, na Babyface Pro FS yao hutumia USB 2.0 ya kawaida na bado inahesabiwa miongoni mwa zenye kuchelewa kidogo zaidi. Hilo pia linaonyesha kwamba aina ya tundu haiamui kasi. Njia moja ya biti 24 kwa 48 kHz inatumia megabiti 1.152 tu kwa sekunde, na USB 2.0 inabeba megabiti 480.

Kama laptopu yako haina nguvu ya kuendesha bafa ndogo, kuna njia ya pembeni: kusikiliza moja kwa moja. Saundi kadi inakurudishia sauti ya maiki kwenye hedifoni kabla haijaenda kwenye kompyuta, na kuchelewa kunakaribia sifuri. Hasara yake ni kwamba unasikia sauti kavu, bila mwangwi wala plagini zako. Tafuta kifaa chenye nobu ya kuchanganya sauti ya maiki na ya programu, badala ya kitufe cha kuwasha na kuzima tu, mwimbaji atakushukuru.

Hatua ya 4: Umeme unatoka wapi?

Saundi kadi ya kubeba inapaswa kuishi kwa umeme wa USB. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. USB 3.0 hufika miliampia 900, wati 4.5. Ndani ya bajeti hiyo kifaa kinalisha priampu, vigeuzi, hedifoni na volti 48 za maiki. Maiki mbili za kondensa na hedifoni nzito kwenye tundu lililochoka ndizo hutoa zile kero za sauti kukatikakatika au kifaa kuzima katikati ya mstari mzuri.

Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Ikibidi kutumia kigawanyi cha USB, kiwe chenye adapta yake ya umeme. Kwa simu au tableti, soma kama kifaa kina tundu la pili la umeme. Steinberg UR22C, kwa mfano, ina tundu la volti 5 kwa ajili hiyo.

Jihadhari na umbo la USB-C. Tundu la Thunderbolt 3, aina nyingine ya muunganisho, lina umbo hilohilo, na kifaa cha Thunderbolt kama toleo hilo la Universal Audio Apollo Solo hakitafanya kazi kwenye USB-C ya kawaida. Tafuta alama ya radi kando ya tundu la laptopu. Nyaya nazo hudanganya: baadhi ni za kuchajia tu na hazipitishi data.

Hatua ya 5: Hedifoni na spika

Hedifoni ileile huweza kuuzwa kwa ukinzani tofauti. Beyerdynamic DT 770 Pro ipo ya omu 32, 80 na 250. Saundi kadi ndogo inayolishwa na USB huisukuma ya 32 au 80 bila wasiwasi. Ya 250 inaweza kubaki chini hata nobu ikiwa mwisho, na utakuwa unamiksi ukikisia besi. Anayesafiri na achukue 80.

Kwa spika, hakikisha kuna matokeo mawili ya balansi (yenye waya wa ziada wa kufuta kelele) ya jeki ya milimita 6.35. Laptopu ikiwa kwenye chaja huingiza mlio mwembamba au ngurumo kwenye nyaya zisizo za balansi. Ukiusikia, chomoa chaja kidogo: mlio ukikata, umepata chanzo. Nyaya za balansi humaliza tatizo mara nyingi. Usivunje wala kuziba pini ya ethi (ardhi) ya plagi ili kuua mlio huo. Ni hatari kwa maisha.

Hatua ya 6: Kiwango cha sampuli

Rekodi kwa biti 24 na 48 kHz. Masikio ya binadamu yanaishia karibu 20 kHz, na 48 kHz inabeba masafa hadi 24 kHz. Dakika moja ya njia moja inakula megabaiti 8.64, kwa 192 kHz inakula 34.56. Wimbo wa dakika nne wenye nyimbo ndogo kumi unatoka megabaiti 346 hadi gigabaiti 1.4 hivi, na kichakataji kinaelemewa. Kwa kazi ya kawaida sioni sababu ya kulipia 192.

Biti 24 ndizo zina faida halisi: huna haja ya kurekodi kwa sauti ya juu. Acha vilele viishie karibu -12 dBFS (desibeli 12 chini ya kikomo cha kidijitali) na hutapoteza chochote.

Hatua ya 7: Umbo

Mwili wa chuma, nobu zisizochomoza sana, na tundu la USB lililoshikiliwa imara kwenye kasha. Waya wa maiki ni mzito, na kila unapoanguka mezani huivuta saundi kadi nyepesi pamoja nao, huku tundu la USB likibeba mshtuko. Kifaa chenye uzito kidogo na miguu ya mpira kinadumu kuliko kile chepesi mno. Taa za kiwango cha sauti ziwe na hatua kadhaa au skrini kama ya MOTU M2. Taa moja inayogeuka nyekundu inakuarifu baada ya sauti kupasuka.

Hatua ya 8: Ijaribu muda wa kurudisha ukiwa bado upo

Siku ya kwanza, sakinisha draiva, weka bafa 128, fungua mradi wako mzito zaidi na uucheze mpaka mwisho. Kwenye Windows zima kwanza kipengele kinacholaza matundu ya USB ili kuokoa betri. Sikiliza kama kuna milio ya tiki. Ikitokea, zima Wi-Fi ujaribu tena. Draiva ya mtandao ni mkosaji wa mara kwa mara kuliko saundi kadi.

Pima mvumo. Chomeka maiki ya dainamiki, iwekee kitu kizito kuifunika kwenye chumba kimya, fungua geini hadi pale unapoimbia kawaida, rekodi nusu dakika, kisha sikiliza kwenye hedifoni. Mvumo laini wa usawa ni wa kawaida. Mlio wenye noti, unaobadilika ukisogeza kipanya, unatoka kwenye umeme wa USB, na kifaa hicho kitakusumbua daima ukikitumia na laptopu hiyo.

Pima volti 48 kama una multimita. Washa fantomu bila maiki, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye pini 1 ya XLR (tundu la maiki lenye pini tatu) na nyingine kwenye pini 2, kisha pini 3. Kipimo kinachokubalika ni volti 44 hadi 52. Vifaa hafifu hukaa chini ya hapo, na baadhi ya kondensa hulalamika kwa sauti inayopasuka mapema.

Jaribio ninalolithamini zaidi linahitaji waya mmoja tu wa jeki. Zima fantomu, punguza spika, zima kusikiliza moja kwa moja na kule kusikiliza kwa programu. Unganisha tokeo la 1 na ingizo la 1, ingizo likiwa kwenye laini. Weka tiki moja kali kwenye programu, ipeleke tokeo la 1 na uirekodi kwenye njia mpya. Kisha vuta picha karibu ulinganishe tiki mbili. Programu huuliza draiva imechelewa kiasi gani na kuirudisha nyuma rekodi kwa kiasi hicho, kwa hiyo tiki zinapaswa kukaa pamoja. Kwa 48 kHz, sampuli 48 ni milisekunde moja. Tofauti ya sampuli chache haina madhara. Ikiwa ni 200 au zaidi, draiva inaripoti vibaya, na kila sauti utakayoongeza itakaa nyuma ya mdundo bila wewe kujua sababu. Programu nyingi za kurekodia zina sehemu ya kuandika marekebisho ya sampuli. Iandike tofauti hiyo humo, ukarudie jaribio hadi tiki zilingane.

Kwa kifaa kilichotumika, fanya majaribio hayohayo mbele ya muuzaji, zungusha kila nobu ukisikiliza mkwaruzo, tikisa kidogo kila jeki, na uthibitishe kwamba draiva ya mfumo wako bado inapatikana. Leseni za programu zilizokuja nacho chukulia kwamba mmiliki wa kwanza amekwisha kuzitumia, na bei uliyopatana naye isizihesabu.